Altare Kwanza: Mhadhara kwa Kamati ya Ujenzi wa Kanisa, Unguja

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, masista, wanakamati na ndugu waamini, ahsanteni kwa kunialika.

Wengi wenu mmeniuliza habari za minara ya kanisa letu jipya, na sishangai. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili yetu ya Mji Mkongwe, lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890, na nalipenda mno. Lakini lilijengwa kwa Misa ya zama zake, padre akisali kuelekea altare, yaani meza ya Misa, waamini wakiwa nyuma yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulibadili mambo. Hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 inataka makanisa yanayojengwa yawawezeshe waamini kushiriki kweli ibada. Maelekezo ya 1964 yakaongeza kuwa altare kuu ni vyema itengane na ukuta, padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwatazama watu. Kwa hiyo nawasihi: mchoraji aanze na altare, kisha apange mabenchi. Jengo refu jembamba humwacha bibi wa benchi la mwisho mbali na Neno la Mungu. Lipanueni, mabenchi yaikabili altare kutoka pande tatu. Mimbari iwe ya kudumu, isiwe kibao cha kuhamishwa. Kwaya nao wakae pamoja na waamini, maana nao wamekuja kusali.

Sasa joto. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, hapo jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu. Kaskazi hutujia kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Madirisha yakielekeana, pepo zote mbili zitapita, na matofali ya matundu juu yake yatatoa hewa ya moto. Bati lisiachwe bila dari: mvua ya masika ikishuka, mahubiri hayasikiki hata kwa kipaza sauti. Paa litokeze nje, chini yake tujenge baraza, ili hata jirani Mwislamu aliyekuja kutuzikia apate pa kukaa.

Jambo la mwisho ni mchanga, nalo naomba mlisimamie wenyewe. Wa pwani ukiletwa, hata kwa bei ya kutupa, urudisheni. Chumvi hula nondo, nondo huvimba kwa kutu, zege likapasuka na kubanduka vipande juu ya vichwa vya watu.

Karibuni kwa maswali.