Kivuli Kivuke Reli: Historia, Maisha ya Mitaa na Bustani za Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Mtu akitaka kujua kwa nini upande mmoja wa Tanga una miti mikubwa na bustani zinazotazama bahari, na upande wa pili una mabati na jua, aanze na reli. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianzia hapa mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Watu huizungumzia kama njia ya kutoka pwani kwenda bara. Lakini ndani ya mji wenyewe reli hiyo ilikuwa mpaka. Kaskazini yake, kuelekea bandari, zilikaa ofisi za serikali, maduka na nyumba za wakubwa. Kusini yake Wajerumani walipima Ngamiani kwa mistari iliyonyooka, mitaa yake ikapewa namba, na mpaka leo mtu wa Tanga hukuelekeza kwa kusema barabara ya 4, barabara ya 12, hadi ya 21. Waingereza walipoingia hawakubadilisha mpango huo. Waliukaza: uzunguni huku Raskazone na Bombo, uhindini katikati, uswahilini ng'ambo ya reli.

Tanga ni kongwe kuliko reli yake. Kusini mwa jiji, Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 14 na 15. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi kwao, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, karibu na hapo kwa sababu hakuwa na mabaharia wa kutosha kuziendesha zote. Ndani ya ghuba yetu kisiwa cha Toten nacho kina magofu ya misikiti na makaburi. Palikuwa na watu waliosali, waliovua na waliofanya biashara hapa muda mrefu kabla ya mpima ramani wa kwanza.

Kilichoifanya Tanga kuwa mji wa kikoloni wenye fedha ni mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche kutoka Florida. Kati ya 1,000 aliyoagiza ilinusurika 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyotanda kutoka Tanga hadi Korogwe na kuendelea. Vibarua walichukuliwa mbali, wale tuliowaita manamba, nao wakaja na ngoma zao, vyakula vyao na lugha zao. Ndiyo maana Tanga ya leo ni ya Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua na Wasambaa, na pia ni ya watu ambao babu zao walitoka Songea na Kigoma. Bei ya mkonge ilianguka miaka ya 1960 nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni, na mji ukapungukiwa na kazi. Bustani ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukosa fedha mji unapopungukiwa.

Nitaje Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kifupi, kwa sababu navyo vinahusu reli. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, watu wapatao 8,000, lilianza kushuka Raskazone. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, jumla yao kama 1,000. Tarehe 4 mapigano makubwa yalifanyika kwenye mtaro wa reli, kando ya mji huu huu. Nyuki waliochokozwa kwenye mizinga yao waliwashambulia askari, na tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaacha ufukweni bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Makaburi ya vita hivyo yanatunzwa hadi leo, nyasi zikikatwa na majina yakisomeka. Hili nalitaja makusudi: eneo la wazi likiwa na mtu anayelipwa kulitunza na bajeti isiyokatika, hudumu zaidi ya miaka 100. Udongo ni huu huu, jua ni hili hili.

Sasa tutazame maisha upande wa kusini wa reli, maana huko watu walijitengenezea wenyewe kile ambacho mpango wa mji haukuwapa. Hapakuwa na bustani ya mapambo, palikuwa na baraza mbele ya nyumba. Hapakuwa na ukumbi, palikuwa na vyama. Ngoma ya beni ilipoenea pwani, Tanga ilikuwa na Marini na Arinoti, vyama vyenye vyeo, sare na mashindano, na vyama hivyo vilizika wafu wao na kuwasaidia wagonjwa wao. Baadaye kikaja kizazi cha taarabu cha Black Star na Lucky Star, na cha dansi cha Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mpira ukazaa African Sports na Coastal Union, na hiyo Coastal ikachukua ubingwa wa nchi mwaka 1988. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, ni wa pwani hii. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza miaka ya 1890, ilitoa makarani na walimu, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili la Kiongozi likachapishwa hapo.

Mji wenye vyama vya namna hii haukosi watu wa kutunza bustani. Unachokosa ni maeneo yaliyopimwa kwa ajili hiyo. Hilo ndilo neno langu la leo: kivuli kivuke reli. Bustani ya Jamhuri, ile inayotazama bandari karibu na mnara wa saa wa mwaka 1901, ni nzuri na inastahili kila tone la maji linalomwagwa pale. Lakini mtoto wa Makorora au Mabawa hatapanda baiskeli kila alasiri kuifuata. Anahitaji mti mmoja mkubwa na sehemu ya kukaa ndani ya mtaa wake.

Maeneo yapo, madogo: kona ambako barabara mbili za Ngamiani hukutana kwa upana, kingo za viwanja vya mpira, nyua za shule na zahanati, kingo za makaburi, ukanda kando ya mifereji. Kabla ya kuchimba hata shimo moja, mtaa uhakikishe eneo ni la nani. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa waulizwe, kisha ofisi ya mipango miji ya jiji itazame ramani. Kosa linalojirudia ni kupanda miti kwenye kiwanja ambacho kimekwisha gawiwa mtu, na baada ya miaka minne anakuja na hati yake na shoka. Ukanda wa bahari na mito una kinga yake: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Kupanda miti hapo kunaruhusiwa na kunafaa, kujenga kibanda cha matofali hakuruhusiwi.

Uchaguzi wa mti ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kuwa huangalia maua. Mkrismasi unapendeza mwezi wa 12, lakini mizizi yake hutambaa juu juu, huinua sakafu na kupasua mitaro, na matawi yake hukatika upepo ukizidi. Uwekwe katikati ya uwanja mpana, mbali na nyumba. Mjohoro hutoa kivuli haraka, ila nao matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mkungu unastahimili chumvi na una kivuli kipana, lakini majani yake makubwa huziba mifereji, kwa hiyo anayeupanda awe na mtu wa kufagia. Mvinje husimama mbele ya upepo wa kusi bila shida, ila chini yake hakuoti kitu. Mwarobaini huvumilia ukame. Mwembe hupendwa na watoto na huchukiwa na mabati ya jirani, maana mawe yanayokusudiwa embe hutua juu ya paa. Kwa mtaa wa Tanga ningechagua mkwaju. Huchelewa, hilo ni kweli, na anayeupanda atasubiri miaka mingi. Lakini mizizi yake huenda chini, matawi yake hayavunjiki ovyo, unastahimili upepo wa bahari, na kivuli chake ni kizuri. Kwa kuwa unachelewa, pandeni mwarobaini katikati ya mikwaju miwili kisha mwuondoe mikwaju ikishakua.

Wakati wa kupanda ni wiki mbili za mwanzo za mvua za masika, udongo ukishalowa hadi kina cha mkono. Vuli haiaminiki, na kiangazi kinachofuata huwa kikali. Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo sururu itahitajika. Msiishie pale mwamba unapogonga kwa sentimita 30, maana mti wa shimo fupi huonekana mzima miaka miwili kisha hulala wakati wa kusi. Shimo kamili hutoa madebe 11 hivi ya udongo. Tengeni udongo wa juu, ule mweusi, changanyeni na madebe mawili ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi, na miche mingi hufa kwa hilo. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa mabandani ndani ya jiji wanatoa samadi ya kutosha, iachwe tu irundikwe miezi mitatu.

Mche uwe na urefu wa sentimita 60 hadi mita moja. Kifuko cha nailoni kichanwe na kutolewa chote. Mizizi iliyojizungusha ndani yake ikatwe kwa wembe, vinginevyo itaendelea kujizungusha mpaka ijinyonge. Shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi. Kigingi kiwekwe upande unakotoka upepo, na mche ufungwe kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kilegee kwa umbo la namba 8. Waya na kamba ya nailoni hukata gome. Mpira wa baiskeli katika mji wetu hauna gharama, fundi yeyote wa kona atawapa. Zungusheni uzio wa mianzi hadi kifuani dhidi ya mbuzi.

Maji ni ndoo moja ya lita 20 kila baada ya siku moja kwa mwezi wa kwanza, kisha mara mbili kwa wiki mpaka kiangazi cha pili kipite. Mwagieni jioni, ndani ya kisahani cha udongo chenye upana wa mita moja. Wekeni matandazo ya nyasi kavu, yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina ili lisioze. Na tukumbuke maji hayo yanatoka wapi: mto Zigi, unaoanzia misitu ya Amani huko Usambara Mashariki na kukusanywa kwenye bwawa la Mabayani. Msitu ukikatwa juu, tope hujaa bwawani. Kwa hiyo bustani ya Ngamiani na msitu wa Amani vinakunywa mto mmoja.

Nafasi kati ya mikwaju isipungue mita 8, kutoka ukuta wa nyumba mita 4, kutoka mtaro mita 2, na chini ya nyaya za umeme usipandwe mti mrefu kabisa. Mti uliopandwa chini ya waya hukatwa kichwa kila mwaka, huota matawi dhaifu kama ufagio, na mwisho huoza katikati.

Miti iliyokwisha kukua huuawa na mambo madogo ya kila siku. Takataka huchomewa shinani. Mama lishe humwaga maji ya moto na majivu pale pale. Fundi pikipiki humwaga oili chafu. Matangazo hugongomelewa misumari. Matofali ya kutandika chini (paving) hupangwa mpaka kwenye gome, mvua isiingie tena. Acheni duara la mita moja na nusu bila saruji kuzunguka kila shina, na wale wanaofanya kazi chini ya mti wawe ndio walinzi wake kwa makubaliano ya wazi: kivuli ni chenu, maji na ufagio ni wenu.

Sehemu ya kukaa iwe baraza, si benchi la chuma linalochoma na kuibwa. Kimo sentimita 45, upana sentimita 50, uso uinamishwe sentimita moja ili maji ya mvua yasituame. Ijengwe mashariki ya mti, kwa maana watu hukaa alasiri na jua liko magharibi. Njia za kuingilia ziwe mbili au zaidi. Bustani yenye lango moja hugeuka kijiwe cha vijana wa kiume, na akina mama na wasichana huacha kupita. Bao na kahawa viwe upande mmoja, bembea za watoto upande unaoonekana kutoka nyumbani.

Kwa mtaa utakaotaka kuanza masika yajayo, kamati ya watu saba inatosha, wanawake wasiwe chini ya watatu. Eneo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa kwa vipimo vyake na mipaka yake, nakala ipelekwe kata na jiji, na nakala ya tatu ibaki kwa mwenyekiti, ikiwa na mhuri.