Yaliyopita Yanapokuwa Ndwele

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine hamjambo. Nimeambiwa nina nusu saa kabla ya adhana, basi salamu ziishie hapo.

Ugonjwa ninaouzungumzia leo, wa mtu aliyepatwa na jambo la kutisha likakataa kumtoka, kitaalamu tunauita msongo wa baada ya kiwewe. Kiwewe mnakijua: mtu kapigwa na butwaa, hajui ashike lipi. Sasa msikilizeni ndugu yake, kuweweseka. Aliyeshikwa na kiwewe mchana ndiye anayeweweseka usiku. Lugha yetu ilishayaweka pamoja zamani.

Madaktari wa Ulaya walichelewa kidogo. Hapa Tanga tunapenda kusimulia vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta askari kutoka India kuuteka mji huu, wakatimuliwa na risasi na nyuki. Huwa tunacheka. Miezi mitatu baadaye, Februari 1915, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari watatu wa vita hivyo hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wa Ulaya, ambao makombora yaliwalipukia karibu, wakapotewa na kumbukumbu na nuru ya macho. Wengi wa namna yao waliitwa waoga tu. Mpaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouingiza ugonjwa huu katika mwongozo wake, baada ya kelele nyingi za askari waliorudi Vietnam na waliowatetea. Wale wa Tanga hakuna aliyewauliza walilalaje.

Si kila aliyeona baya anaugua, tuelewane. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 70 katika kila 100 watapatwa na tukio la kutisha maishani, lakini waliowahi kuugua maradhi haya hawafiki 4 katika 100. Wengi hupona wenyewe.

Nina mgonjwa mmoja, mvuvi. Nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane. Chombo chao kilipinduka usiku huko mkondo wa Pemba, na mwenzake akamponyoka mkononi. Miaka minne baadaye alikuja kwangu, tena si kwa sababu ya bahari. Alikuja kwa sababu ya ndoo. Mkewe akimimina maji kwenye ndoo uani, yule bwana huruka, jasho linamtoka, na siku moja alimsukuma mtoto wake akaumia. Alikwisha kunywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, alikwisha kupungwa pepo. Sina ugomvi na kombe. Ila kila aliyemwendea, na mmoja alikuwa muuguzi mwenzangu, alimwambia neno lile lile: yaliyopita si ndwele, ganga yajayo.

Naipenda methali hiyo, kwa ugomvi wa mawifi inafaa sana. Kwa mtu huyu ilikuwa sumu. Kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo kama lozi, amigdala, kazi yake kupiga kelele ya hatari. Jirani yake, hipokampasi, huandika jambo lilitokea wapi na lini. Kwenye hofu kubwa yule wa kelele hufanya kazi kupita kiasi, na huyu mwandishi huvurugikiwa. Kinachobaki ni sauti ya maji, baridi, vidole vinavyoteleza, vyote bila tarehe. Ndiyo maana maji yakilia kwenye ndoo mwili hausemi “nakumbuka”. Mwili unazama upya. Naye akikwepa ndoo, akikwepa ufukwe, akikwepa hata jina la marehemu, ile kumbukumbu haipati nafasi ya kuandikiwa tarehe.

Basi tulitandika mkeka, nikampa kamba ya katani. Njia hii ilibuniwa na wataalamu wa Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Kamba ni maisha yako tangu kuzaliwa. Penye heri unaweka ua, penye shari unaweka jiwe, na ncha iliyobaki inakunjwa, ndiyo siku zisizofika bado. Aliweka asumini pa harusi yake. Jiwe la usiku ule alilishika muda mrefu kabla ya kulitua. Vikao vilivyofuata tulilirudia jiwe hilo pole pole: mwezi ulikuwaje, ulisikia nini, mkono ulikuwa wapi, na sasa hivi uko wapi? Uko Tanga, umekaa mkekani. Alilia, nikamwacha alie.

Njia hii ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan 43 walioko Uganda, na matokeo yakachapishwa 2004. Baada ya mwaka mmoja, waliosimulia hivi kwa vikao vinne, 29 katika 100 ndio walikuwa bado wanaugua. Waliopata nasaha za kawaida, bado 79 katika 100. Baadaye, kambini Nakivale, huko huko Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wenzao, na ikafaa. Hilo lanipa moyo kuliko vyote, maana madaktari wa akili nchini ni wachache. Na mkoa huu wenye Lutindi, hospitali ya akili tangu enzi za Mjerumani, bado watu wanatuogopa wakidhani kila anayekuja atapelekwa huko.

Lakini msikimbilie kusimulisha watu! Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za watu 133 walioungua moto. Waliosimulishwa kwa kikao kimoja siku chache baada ya ajali waliugua zaidi: baada ya miezi 13, 26 katika 100, na wenzao walioachwa 9 tu. Kwa hiyo jirani akitoka ajalini, msimkalishe barazani mkamhoji. Mpeni uji, kaeni naye. Akisema, sikilizeni. Mwezi ukipita hali bado ni ile ile, mleteni.

Dawa zipo, setralini na paroksetini, zinasaidia baadhi. Diazepamu za kununua dukani ili ulale, hizo achaneni nazo.

Yule mvuvi hajarudi kupanda chombo, wala sijamhimiza. Anashona nyavu nchi kavu, pale soko la samaki la Deep Sea. Mkewe ananiambia ndoo za asubuhi anazijaza yeye mwenyewe.

Haya, maswali. Bibi pale nyuma alinyoosha mkono kitambo.