Radi Itapiga Lini? Mhadhara juu ya Shaka katika Utabiri wa Mvua za Ngurumo

Waheshimiwa wazee, walimu, wanafunzi, na nyote mliojitokeza jioni hii hapa Mombasa licha ya joto hili, asalamu alaikum na karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mwaka, kaskazi inapoelekea mwisho, huwafanya baadhi yetu wakae barazani macho yakiwa angani: radi ya kwanza itapiga lini, na kwa nini wanaolipwa mshahara watutabirie hawawezi kututajia siku na saa. Sitatoa tarehe. Nitaeleza kwa nini tarehe haipatikani, kisha nitadai kwamba shaka ya mtabiri, ikishapewa tarakimu, ina taarifa nyingi kuliko uhakika ambao tungependa kuusikia kutoka kwake.

Nianze na kosa lililoenea. Wengi wetu huamini kwamba joto likizidi, mvua ya ngurumo imekaribia. Februari na Machi ni miezi ya joto kali hapa kisiwani, jasho halikauki hata usiku, na kila alasiri hakosekani mtu wa kuapa kwamba leo lazima inyeshe. Hata hivyo Februari ni miongoni mwa miezi mikavu kuliko yote katika mwaka wetu. Wingu la radi hudai mambo matatu kwa pamoja: unyevu wenye kina, hewa iliyopangika kwa namna ambayo kinachoanza kupanda kitaendelea kupanda, na msukumo wa kuianzisha safari hiyo. Joto la ardhini husaidia katika jambo la pili na la tatu, lakini la kwanza haliwezi kulileta lenyewe.

Hewa kavu inapopanda hupoa kwa karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita. Mvuke uliomo ukianza kugeuka matone, joto lililokuwa limefichika ndani yake hutoka, na kasi ya kupoa hushuka hadi karibu nusu ya kiwango hicho. Iwapo hewa iliyo kando yake inapoa haraka zaidi kadiri mtu anavyokwenda juu, basi ile iliyopanda hubaki na joto kuliko jirani zake, huwa nyepesi, na katika nchi za tropiki huweza kufika kilomita 15 na zaidi kabla ya kusimama. Huko juu vipande vidogo vya barafu hugongana na punje nzito za barafu laini na kubadilishana chaji za umeme. Vile vyepesi hupeperushwa juu ya wingu, vile vizito hubaki katikati na chini, na tofauti ya chaji inapozidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme hupasua njia ambayo joto lake hufikia nyuzi 30,000 hivi. Hewa ya njia hiyo hutanuka ghafla, nasi husikia ngurumo.

Sasa itazameni kaskazi. Ni upepo unaotujia kutoka upande wa Arabuni, na unyevu unaotulowesha mashati mchana kutwa ni wa tabaka la chini tu, lile lililogusana na bahari. Juu yake hewa hushuka badala ya kupanda, na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Hapo ndipo panapotengenezwa kile ambacho wataalamu hukiita kifuniko: tabaka la hewa yenye joto linaloizuia ya chini isipenye. Hali hiyo haina tofauti na sufuria ya maji iliyofunikwa juu ya jiko. Moto upo, maji yapo, kila anayetazama anajua kwamba chini kuna nguvu inayorundikana. Lakini hata baada ya kufunua, hakuna awezaye kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kiputo cha kwanza kitatokea.

Wenzetu wa nchi za kaskazini wanakifahamu sana kifuniko hiki, kwa sababu huwaharibia starehe yao kila mwaka. Nchini Uingereza, ambako shirika la TORRO limekuwa likikusanya taarifa za dhoruba tangu mwaka 1974, wapenzi wa radi husubiri siku za Juni hadi Agosti ambazo hewa ya moto kutoka nyanda za juu za Uhispania huvutwa kuelekea kaskazini na kuilalia hewa ya chini yenye unyevu. Katika tambarare za Oklahoma na Kansas, wafuasi wa dhoruba huendesha magari mchana kutwa mwezi wa Mei wakiandama hali kama hiyo, ila kifuniko chao hutoka kwenye uwanda wa juu wa Meksiko. Kikiwa dhaifu, mawingu huchipuka mapema na kuimaliza nguvu kidogo kidogo. Kikiwa kigumu mno, jua huchwa bila hata tone, na watu hurudi nyumbani na kamera zao. Dhoruba kubwa huzaliwa kati ya hali hizo mbili, na tofauti kati yao huweza kuwa nyuzi moja au mbili tu za joto, kwenye kimo ambacho vipimo vyake ni vichache.

Tuseme kifuniko kimefunguka. Bado swali la wapi halijajibiwa. Wingu moja la kawaida la radi lina upana wa kilomita chache, na umri wake, tangu kuchipuka hadi kufa, ni kati ya nusu saa na saa moja. Tarehe 16 Agosti 2004, katika kijiji cha Boscastle kusini-magharibi mwa Uingereza, mawingu ya radi yalijipanga kwenye mstari ambapo pepo mbili zilikutana karibu na ufuo, moja likifuata jingine juu ya mabonde yale yale kwa saa kadhaa. Kipimo cha mvua cha Otterham, karibu na kijiji hicho, kilipata milimita 200 kwa siku hiyo moja, yaani karibu sehemu ya tano ya mvua ya mwaka mzima hapa Mombasa. Magari yalisombwa hadi baharini na watu wapatao 100 wakaokolewa kwa helikopta. Na kati ya vipimo kumi vilivyokuwa karibu zaidi na kijiji hicho, vinne vilipata chini ya milimita 3. Mtabiri aliyesema asubuhi ile kwamba eneo lile litapata mvua kubwa za hapa na pale alikuwa amesema kweli kwa kila mtu, lakini kwa aliyekuwa bondeni kweli hiyo haikuwa na manufaa.

Nimeuchagua mfano huo kwa makusudi, kwa kuwa ufuo una tabia zake popote ulipo. Hapa kwetu upepo wa bahari huingia nchi kavu kadiri jua linavyopanda, ukisukuma mbele yake ukingo wa hewa baridi kidogo, na ukingo huo ndio unaoinua hewa ya bara. Ndiyo maana, siku ambazo mambo yanakubali, mtu aliyesimama Nyali akitazama magharibi alasiri anaona mawingu yamejijenga nyuma ya Milima ya Shimba, ambayo haizidi sana mita 400 lakini inatosha kuongeza msukumo, au mbali zaidi kuelekea Taru, huku juu ya kichwa chake mbingu ni bluu tupu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo huvuma kutoka bara, hukutana na ule wa msimu juu ya bahari, na mvua hutufikia alfajiri. Anayeingojea mvua ya pwani saa tisa alasiri kwa sababu jamaa yake wa Kericho amemwambia kwamba kwao hunyesha saa tisa, anaingojea kwa saa ya watu wengine. Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe huharibu majani ya chai mara kwa mara, zina miinuko na Ziwa Viktoria karibu. Na ziwa lenyewe hunguruma usiku, pale pepo za nchi kavu zinapokutana katikati yake kutoka pande zote, jambo ambalo wavuvi wa huko wamelilipia kwa maisha yao. Sisi wa pwani, ukweli usemwe, ni maskini wa radi tukilinganishwa nao. Pengine ndiyo sababu tunazipenda.

Kwa nini basi kompyuta, zenye nguvu zote tunazozisikia, hazituondolei shaka hii? Kwanza ni suala la ukubwa wa matundu ya wavu. Modeli ya dunia nzima, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa hewa, inayoendeshwa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, chenye makao makuu Reading, huigawa dunia katika miraba ya upana wa kilomita 9 hivi. Kisiwa cha Mombasa chote, kutoka Makupa hadi Likoni, hakijazi mraba mmoja. Wingu la radi la kilomita nne haliwezi kuonekana humo. Modeli hulikisia tu kwa kanuni, ikisema kwamba katika hali kama hii kwa kawaida hutokea mvua ya kiasi fulani. Pili ni suala la kujua hali ilivyo sasa. Puto la kupimia hewa hurushwa Dagoretti, Nairobi, mahali palipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ni kipimo cha thamani kubwa, lakini kwa maumbile ya nchi yetu kinaanzia juu zaidi ya lile tabaka la chini lenye unyevu ambalo hatima ya mvua ya Mombasa imo ndani yake. Na upande wetu wa mashariki ni bahari, ambako vituo vya kupimia ni nadra na setilaiti ndiyo hutegemewa zaidi.

Kikwazo cha tatu hakiondoki hata tukiweka vipimo kila mtaa. Mwaka 1961, Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alitaka kurudia sehemu ya hesabu iliyokwisha kufanywa na kompyuta yake. Badala ya kuingiza 0.506127 kama mashine ilivyokuwa imehifadhi, aliingiza 0.506 kama ilivyochapwa kwenye karatasi. Tofauti hiyo, isiyofika sehemu moja ya elfu, ilikua hadi hali ya hewa ya kubuni ndani ya kompyuta ikawa haifanani hata kidogo na ile ya awali. Baadaye alionyesha kwamba kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo makosa juu yake yanavyokua haraka. Kwa mfumo mkubwa wa mgandamizo wa hewa tunahesabu siku, kwa wingu moja la radi tunahesabu saa, na wakati mwingine dakika.

Jibu la watabiri kwa tatizo hili lilikuwa la busara. Tangu mwaka 1992 kituo hicho cha Ulaya kimekuwa kikiendesha utabiri mwingi kwa wakati mmoja, kila mmoja ukianza na hali iliyotofautishwa kidogo. Leo ni 50 pamoja na mmoja wa msingi. Iwapo 15 kati ya hizo 50 zinaleta mvua juu yetu kesho, tunapata wazo la asilimia 30. Maana yake si kwamba itanyesha katika asilimia 30 ya jiji, wala kwamba mtabiri hajafanya kazi yake. Maana yake ni kwamba tukizikusanya siku nyingi zilizotabiriwa hivyo, na asilimia hizo zikiwa zimepimwa vizuri, siku tatu katika kila kumi zitatunyeshea. Hapa nina lawama, nayo si kwa wataalamu. Tarakimu hizi zinapofika kwa msomaji wa habari redioni hukatwa, zikabaki "kutakuwa na mvua" au "hakutakuwa na mvua", kana kwamba msikilizaji wa Kiswahili hawezi kuelewa asilimia, ilhali msikilizaji huyo huyo hupatana bei na kupima faida na hasara sokoni kila siku ya Mungu.

Lipo jambo la kushangaza hapa. Msimu mzima hutabirika vizuri kuliko alasiri moja. Maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yanapokuwa na joto kuliko kawaida na ya mashariki yakawa baridi, hali ambayo ilielezwa rasmi na wanasayansi mwaka 1999, vuli yetu huwa nzito. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na tena 2019, na dalili kama hizo huonekana wiki nyingi kabla. Mabaharia wetu wa zamani walikuwa na hekima ya aina hiyo: waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao, kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua ni mwongo gani wa kung'oa nanga na ni upi wa kupandisha vyombo pwani. Hesabu hiyo iliwapa majira. Siku yenyewe bado waliitafuta kwa macho.

Nasi tufanye vivyo hivyo, kwa macho bora zaidi. Tangu Desemba 2022 Ulaya imeweka angani setilaiti ya Meteosat ya kizazi cha tatu, inayotupiga picha Afrika nzima kila dakika 10 na yenye chombo cha kunasa mimweko ya radi. Anayetaka kujua kama wingu la Shimba litamfikia, asiusome tena utabiri wa jana usiku. Atazame picha za saa moja iliyopita, aone vilele vya mawingu vinapoa au vinapata joto, na vinaelekea wapi. Na mkilisikia limekaribia, hesabuni sekunde kati ya mmweko na ngurumo, sekunde tatu kwa kila kilomita, na muingie ndani mapema. Mnazi na mwembe si makimbilio, wala mashua.

Kwa mnaotaka kushindana na watabiri, ipo njia ya haki iliyopendekezwa na mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950. Kila jioni andika uwezekano wako wa mvua ya kesho, kati ya 0 na 1. Ikinyesha, toa makadirio yako kutoka 1. Isiponyesha, yachukue yalivyo. Zidisha jibu kwa lenyewe. Aliyeandika 0.3 kisha ikanyesha anapata 0.49, isiponyesha anapata 0.09, na mwisho wa msimu mwenye wastani mdogo ndiye mshindi. Lakini kumbukeni kwamba katika msimu ambao mvua hunyesha siku moja kati ya tano, mtu anayeandika 0.2 kila jioni bila hata kufungua dirisha atamaliza na wastani wa 0.16, na huyo ndiye wa kwanza mnayepaswa kumshinda.