Begi Kwanza, Treni Baadaye: maongezi kuhusu reli ya kwenda uwanja wa ndege

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Mnaliona hili begi hapa mezani? Kilo 23, ule uzito ambao ukikata tiketi ya kawaida mashirika mengi ya ndege wanakuruhusu. Humo ndani hamna nguo, nimejaza vitabu tu, nimekuja nalo makusudi. Sasa nimefika hapo chini lifti haifanyi kazi, nimelibeba ngazi kwa ngazi mpaka huku juu, jasho linanitoka, mhandisi mzima nimekaa chini kwanza kutafuta pumzi. Basi leo tunaongelea hilo.

Maana ukimwambia mtu tunajenga reli ya kwenda uwanja wa ndege swali lake la kwanza ni spidi ngapi. Mi spidi hainisumbui kabisa. Mi nauliza, kutoka pale mashine inapotema mabegi mpaka kwenye siti ya treni, mtu anabadilisha ghorofa mara ngapi? Kama ni mara tatu, na kila mara anasubiri lifti moja ya watu nane na mama ana watoto wawili na mabegi manne, hizo dakika kumi ulizookoa kwa treni ya mbio zimeshaliwa hapo hapo.

Nendeni mkaone Hong Kong. Uwanja wao mpya ulifunguliwa Julai 1998 na treni yake mwezi huo huo, yaani vyote viwili vilichorwa pamoja, tena sehemu kubwa ni kwenye ardhi waliyoijaza baharini kwa hiyo hawakuwa na jengo la zamani la kuwabana. Matokeo yake stesheni ina sakafu mbili, ukienda kusafiri treni inakushusha kwenye usawa wa ukumbi wa kuondokea, ukiwa umetua unatoka na toroli lako unatembea sakafu hiyo hiyo mpaka mlango wa treni, hamna ngazi hata moja. Na wakaongeza kitu kingine, kaunta za chekini kule mjini kwenye stesheni, unaacha begi asubuhi linapakiwa kwenye behewa la mizigo, we unaendelea na mizunguko yako mikono mitupu.

London nao wakajaribu. Stesheni ya Paddington waliweka kaunta za chekini kwa ajili ya treni ya Heathrow, baadaye zikafungwa. Kaunta kama hizo zina gharama zake, begi likishapokelewa linataka walinzi, linataka mzani, linataka chumba chenye kufuli na watu wa kulisindikiza, na hao wote mshahara unatoka siku yenye mabegi mia na siku yenye mabegi sita.

Sasa tuje kwenye hesabu, msiogope, ni moja tu. Kwanini tunapigana stesheni ikae kwenye reli iliyonyooka? Chukua behewa ambalo mabogi yake, yale mafungu ya magurudumu, yameachana mita 14. Liweke kwenye kona yenye nusu kipenyo mita 300. Behewa halipindi, reli ndo imepinda. Zidisha 14 kwa 14 unapata 196, gawa kwa mara nane ya 300 yaani 2400, inakuja kama sentimita 8. Hizo sentimita 8 ndo katikati ya behewa linavyosogea kuelekea ndani ya kona, kwahiyo kama platfomu iko upande wa nje pale mlango wa kati panabaki pengo la ziada sentimita 8 juu ya lile la kawaida. Gurudumu la begi lina upana gani? (Akalilaza begi, akapima kwa rula.) Sentimita 5. Limeingia lote! Na nyuma yake kuna watu mia wanasukuma kwasababu ndege haisubiri.

Ndo maana stesheni inataka mstari ulionyooka, urefu wa treni nzima, na viwanja vya ndege havina nafasi hiyo, huku kuna njia ya kurukia, huku matanki ya mafuta, huku mnara. Unaambiwa shuka chini, chimba handaki. Sawa, ila kushuka mita 20 tu kwa mteremko wa asilimia 3 unahitaji karibu mita 670 za reli, na huko chini sasa unakutana na udongo.

Hapa naomba mtulie. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1994, pale Heathrow, mahandaki ya treni hiyo hiyo yaliporomoka katikati kabisa ya uwanja. Juu yake jengo la ofisi likazama likainama. Hakufa mtu, na hiyo sio akili ya mtu yeyote ni Mungu tu, wafanyakazi walitoka. Njia waliyotumia inaitwa ya kiaustria, unachimba kipande, unarushia zege ukutani kwa pampu, unaweka vipimo, halafu unasoma kila siku udongo umesogea milimita ngapi. Uzuri wake ni kwamba udongo unaongea mapema. Na pale Heathrow ulishaongea! Zege la sakafu ya handaki lilikuwa na kasoro, likafanyiwa ukarabati, vipimo vinaonyesha ardhi inasogea, na pembeni wakaendelea kuchimba handaki jingine la sambamba. Vipimo vipo, msomaji wa kusema simama hayupo. Mwaka 1999 mahakama ikampiga mkandarasi mkuu faini ya pauni milioni 1.2, na kampuni ya wataalamu wa ile njia ya uchimbaji pauni laki 5.

Kulirekebisha walichimba shimo la duara upana mita 60, kina mita 30, wakatoa uchafu wote wakajenga upya kutoka chini. Huduma kamili ikaanza Juni 1998, lakini kabla ya hapo, kuanzia Januari, treni ilikuwa inaishia kwenye stesheni ya muda nje ya uwanja halafu abiria wanamaliziwa na basi. Na mabegi yao! Kwa hiyo udongo na begi sio mada mbili.

Karibu na sisi kuna Gautrain ya Johannesburg, ilianza tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia. Stesheni ya uwanjani waliipandisha juu, imeshikana na jengo la abiria, na yale mabehewa ya uwanja wa ndege yana nafasi ya mizigo. Ila geji yake, yaani upana kati ya reli na reli, ni milimita 1435, wakati reli za Sauzi karibu zote ni 1067 sawa na TAZARA yetu, maana yake treni hiyo haiwezi kuingia hata mita moja kwenye reli za zamani.

Kijana wa nyuma ameuliza, si tuchepushe tu SGR, ile reli yetu mpya, iingie pale uwanja wetu wa Nyerere wa Dar es Salaam, inapita jirani? Jirani sio mlangoni. Treni ya spidi 160 ukitaka ipinde bila kupunguza mwendo unataka kona ya nusu kipenyo kama mita 1,200, chora duara hiyo kwenye ramani ya Kipawa, mtaa wa jirani na uwanja, uhesabu mabati ya nyumba za kubomoa. Ukipunguza mpaka 60 inatosha kona ya chini ya mita 200, sawa, ila sasa hiyo treni ya Morogoro na Dodoma umeigeuza daladala na wa nyuma yake wote wanasubiri. Mi ningeweka treni ndogo ya mjini yenye reli yake, inayobeba pia wafanyakazi wa uwanja, maana hao wapo kila siku, zamu ya alfajiri na ya usiku, msafiri anakuja mara mbili kwa mwaka.

Swali jingine? Dada pale mbele. Na we uliyekalia begi langu, vitabu vya watu hivyo.