Kikohozi Kimoja, Maswali Mawili

Ndugu zangu wahudumu wa afya, nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: anayekohoa tumuulize mawili, Korona na kifua kikuu. Mwaka 2019 wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa duniani walikuwa milioni 7.1. Mwaka 2020, mwaka wa Korona, wakashuka hadi milioni 5.8. Kuna watu wakapiga makofi! Vifo je? Viliongezeka, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Wagonjwa walikuwepo. Hatukuwaona.

Hapa hapa Mombasa, Aprili 2020, mama mmoja muuza samaki alikohoa wiki sita, chumba kimoja na wajukuu watatu. Hakuja kwetu kwa sababu aliogopa karantini. Mnazikumbuka siku zile: ukikohoa ndani ya matatu, abiria wanashuka, na ukipelekwa karantini unadaiwa pesa za malazi. Mama akachemsha tangawizi, akanyamaza. Homa ilipomzidi akaenda kituo kimoja, akapimwa Korona. Hana. Akaambiwa, "Mshukuru Mungu, mama, nenda kapumzike." Hakuna aliyemwomba makohozi ya kupima kifua kikuu! Nilimpokea mimi mwezi wa Julai, amebaki mifupa, na mjukuu wake mmoja anakohoa.

Na mashine ilikuwepo. Ile GeneXpert, inayotoa majibu ya makohozi kwa muda usiofika saa mbili, ndiyo hiyo hiyo iliyotiwa katriji, yaani vikasha vya kipimo, za Korona. Nafasi zikijaa sampuli za pua, kikopo cha makohozi kinangoja.

Najua mtaniambia barakoa ndizo zilizopunguza maambukizi. Haya, tuhesabu. Bakteria wa kifua kikuu huweza kulala mwilini miezi, hata miaka, kabla mtu hajaugua. Barakoa ya Aprili itamfutaje mgonjwa wa Mei? Tena nani alivaa barakoa chumbani mwake usiku wa kafyu, watu sita wamebanana? Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka. Sasa wazidisheni nyinyi.

Nilitaka kugusa surua na chanjo zilizoahirishwa, na malaria kule Afrika Magharibi wakati wa Ebola, ambako mwenye homa aliogopa kukanyaga hospitali. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, kazi ni hii: kesho fungueni rejesta za mwaka 2020. Tafuteni kila aliyekohoa wiki mbili au zaidi, akapimwa Korona, akakutwa hana. Namba zao za simu zimo. Wapigieni, na asiyepokea mfuateni nyumbani na kikopo cha makohozi mkononi.