Mnauliza nilibebwa na nani? Haya, kaeni niwaambie

Mwangaluka, wapendwa. Nimetoka naiti, macho mnayaona wenyewe, kwa hiyo msianze na "dada umepungua". Leo sionyeshi mji huu wa Würzburg, Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi. Nimekaa hapa jikoni kwa sababu ya swali moja ambalo nikilifuta linarudi: "Dada, ulibebwa na nani?" Wengine wanaliremba kidogo: una nyota, hilo zali. Na kuna kaka mmoja, wa Buhongwa kama hajanidanganya, kaandika mara nne kwamba Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, kwa hiyo sisi watu wa Mwanza huku tunapokewa kama wakwe.

Kaka yangu, undugu wa miji upo kweli. Ila katika huo undugu hakuna aliyenijua mimi. Nilikuwa muuguzi wa dispensari ya mtu binafsi kule Igoma, mshahara ukichelewa tunaambiwa tuvumilie, sisi ni familia. Nani angenibeba, na angenijulia wapi?

Na kabla hamjasema najisifu: bahati ilikuwepo. Aliyekuwa mbele yangu kwenye orodha ya wauguzi wa kuja kufanya kazi huku alikwama pasipoti, nafasi ikabaki wazi. Barua pepe ikaingia Alhamisi jioni: tuma vyeti vyote, pamoja na tafsiri, kabla ya Jumatatu. Sikumroga mtu, na pasipoti yake sikuificha mimi, maana hata hilo limesemwa, tena na ndugu wa damu. Bahati yangu ni hiyo Alhamisi. Bahasha ya vyeti hivyo ilianza 2018.

Bahasha yenyewe ya kaki, ya kawaida tu. Mama aliitia kwenye mfuko wa rambo, enzi hizo haijapigwa marufuku, akaitundika msumarini juu ya kitanda chake kwa sababu bati letu lilikuwa linavuja upande wa kabati. Nikipata karatasi naishusha, naitia, naitundika. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na matokeo yake, leseni. Pasipoti nayo, shilingi 150,000, nimeikata wakati sina safari hata ya kuvuka Sirari. Nyumbani walinicheka sana. Eti nimeinunua ya kuangalia, kama albamu ya harusi.

Iliyonitoa jasho ni alama moja. Jina letu la ukoo lina ile ng' ya Kisukuma, yenye ritifaa. Cheti cha kuzaliwa kinayo. Cha kidato cha nne hakina. Cha chuo wameirudisha ritifaa, halafu wakala herufi nyingine. Sisi tunajua huyo ni mtu mmoja. Mjerumani anaona watu watatu. Kiapo kwa mwanasheria, nenda rudi, na karani wa ofisi fulani ambayo siitaji akanitazama akasema, "Hiyo si herufi, achana nayo." Miezi mitano! Kwa kialama kama mguu wa mbu. Sasa anayeanza hayo siku ya Alhamisi, Jumatatu itamkutia wapi?

Kijerumani nilianza na simu, kwenye zamu za usiku, wagonjwa wakishalala. Mtihani wa B1, yaani Kijerumani cha ngazi ya kati, nikapanda basi hadi Dar. Una sehemu nne, na kila moja inataka uanzie alama 60. Kusoma nikapita, kuandika nikapita, kuongea nikapita. Kusikiliza, 54. Uzuri wa B1 unarudia sehemu uliyoanguka tu. Ubaya ni kwamba nauli haina sehemu, unailipa nzima.

Hapo katikati kuna wakala, ana sauti nzuri huyo, akala laki nane yangu "ya kufungulia faili". Faili sijaliona mpaka leo. Sisemi ili mnionee huruma. Ila hela ilikuwa ya mama, mkopo wa kikoba, na hakunigombeza. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Mama anakausha dagaa Igombe. Watu wa mwaloni hapa mtanielewa haraka. Wengi walikuwa wanaanika mchangani, yeye akatengeneza chanja, miti na nyavu chakavu, turubai limekunjwa pembeni. Wakamwambia anapoteza hela, jua lote hili. Mvua ya ziwani mnaijua, haipigi hodi. Ikishuka, dagaa wa mchangani wanaishia chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Mama anafunika, kesho yake anauza dagaa wanaong'aa, na watu walewale wanasema yule mama ana bahati. Anawajibu "wabeja", yaani asante, tu, anaendelea kupima. Mimi huo upole sikuurithi, ndiyo maana narekodi video.

Hata huku kuna hadithi kama ya mama: Röntgen, yule mwanasayansi wa eksirei, aliigundulia hapahapa Würzburg, Novemba 1895. Siku moja nikamwambia mgonjwa wangu, mzee wa hapa, kwamba jamaa alibahatika tu, alikuwa anajaribu bomba la umeme, kibao cha kemikali pembeni kikawaka chenyewe. Mzee akaniuliza, "Na lile bomba la kioo alilifunika karatasi nyeusi, chumba akakitia giza, alikuwa anajiandaa kulala?" Nikanyamaza nikampima presha.

Sasa msiondoke hapa mkasema dada kasema tundika bahasha utaenda Ulaya. Mimi si wakala, masharti yanabadilika, na hii ni njia yangu mimi. Namjua dada mmoja, bahasha yake nzito kuliko yangu, B2, ngazi ya juu ya B1, anayo mkononi, na bado yuko Nyegezi anasubiri. Akinipigia huwa sina la kumwambia. Tunaongelea watoto.

Na msidhani nimetua kwenye hela. Mwanzoni nililipwa mshahara wa msaidizi wa wauguzi, mimi muuguzi kamili, mpaka cheti changu kilipotambuliwa. Halafu makato. Kila nyumba huku inalipa yuro 18.36 kwa mwezi ya redio na televisheni ya umma, uwe na televisheni usiwe nayo. Mimi sina. Nilipokwenda kujiandikisha manispaa nikaulizwa dini, nikajibu Mkatoliki, kifua mbele kabisa. Mshahara wa kwanza unakuja, naona mstari siuelewi: kodi ya kanisa. Hapa Bavaria ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato, inakatwa hukohuko kazini kabla hujaishika. Karatasi zote zile, miaka yote ile, na hilo hakuna aliyeniambia.

Mtauliza kama mtu anaweza kujitoa. Anaweza, kuna ofisi yake. Mimi bado nalipa, kwa sababu mama anaangalia hizi video, na kikoba kizima kinaangalia naye. Mama, shikamoo. Dagaa wamefika. Mfuko ulipasukia kwenye ngazi, jirani ameshaniuliza kama nafuga paka.