Pengo Kwenye Mwanga wa Jua

Hamjambo nyote. Nimekuja na sidii iliyokwaruzika, haichezi tena, lakini kazi bado inayo. Kijana uliye hapo mbele, hebu iinamishe taratibu chini ya ile taa ya tyubu. Unaona upinde wa mvua mzima? Huuoni. Kuna kijani kimoja kikali, kuna bluu, kuna rangi ya chungwa, na katikati yake mapengo. Kijani kile na bluu ile ni vya zebaki iliyomo ndani ya taa. Taa hukuipasua, zebaki hukuigusa, na tayari umeitambua.

Hewa ya juu tunaitambua vivyo hivyo, ila kwa kinyume. Gesi baridi ikikaa mbele ya mwanga mkali, haiwaki, inameza. Kila molekuli ina urefu wake wa mawimbi inaoumeza, mengine inayaachia yapite. Mwaka 1814 Mjerumani Joseph Fraunhofer alianza kuichora mistari myeusi iliyomo kwenye mwanga wa jua. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi yake si ya jua kamwe, ni oksijeni yetu hii tunayoivuta.

Kinachotusumbua ni uchache. Chukua CFC-11, ile gesi iliyotumika kuumulia sponji za magodoro, moja ya gesi za CFC ambazo watu walizitengeneza kwa klorini, florini na kaboni. Leo ni kama molekuli 220 katika kila trilioni ya hewa. Ukiitafuta kwa kutazama chini wima, mwanga umepita njia fupi mno, pengo halionekani. Basi tunaitazama hewa kwa ubavu. Setilaiti inalikodolea jua linapozama nyuma ya ukingo wa dunia, na mwanga unakata mamia ya kilomita za hewa kabla ya kuifikia.

SCISAT ya Kanada, iliyorushwa Agosti 2003, hufanya hivyo ikiwa kilomita 650 juu. Kwa siku moja inaliona jua likichomoza mara 15 na kuzama mara 15. Kila linapozama, kazi ni ya dakika chache tu: chombo chake cha infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kiitwacho ACE-FTS, kinachukua kipimo kila sekunde 2, jua likishuka kutoka tabaka hadi tabaka. Na hapa ndipo ninapopapenda. Kabla jua halijagusa hewa, chombo kimekwisha kulipima likiwa tupu. Vipimo vinavyofuata vyote vinagawanywa kwa hicho cha kwanza. Ni muuza duka anayekuonyesha mizani iko sifuri ndipo amimine sukari. Kioo kikichakaa kwa miaka, kimechakaa kwa vipimo vyote viwili, hesabu haiharibiki.

Njia hii ilikata kesi kubwa. Miaka ya 1990 walikuwapo waliosema klorini inayokula ozoni, gesi ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua, inatoka kwenye volkano na chumvi ya bahari, si kwenye CFC za majokofu ya watu. Chombo cha HALOE, kilichopanda na setilaiti ya UARS Septemba 1991, kikaenda kutafuta gesi nyingine kabisa: haidrojeni floraidi, iliyobeba florini. Kwa nini hiyo? Kwa sababu florini huko stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, haina chanzo cha asili cha maana. CFC zikivunjwa na miale ya jua, klorini na florini huachiliwa pamoja, kama wezi wawili waliopanda pikipiki moja. HALOE ikawakuta wote wawili, kwa viwango vinavyooana na CFC. Chumvi ya bahari, kwa upande wake, husafishwa na mvua kabla haijafika mbali. Baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kubana CFC, haidrojeni kloraidi ya juu, gesi inayobeba ile klorini, ilifikia kilele mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ikaanza kushuka, polepole sana. ACE-FTS inaifuatilia mpaka leo, na setilaiti yake ilipangiwa miaka 2 tu.

SCISAT ina kasoro moja inayotuhusu. Vipimo 30 kwa siku ni vichache, na mzunguko wake unaipendelea ncha ya kaskazini na ya kusini; ukanda wa ikweta unaupitia kwa miezi michache ya mwaka. Kwa hiyo mtu asilidharau lile puto la ozoni linalorushwa kila wiki Dagoretti, Nairobi. Linapanda na kipimo chake mpaka stratosfia, linapasuka, na wiki ijayo linarushwa jingine.

Sidii yangu naomba irudi. Maswali?